Umeme wa Bei Moja

Katika nyumba za kupanga zenye mita moja ya umeme halikosi kuzuka swali moja, nalo ni hili: mtu akiisha kutoa fungu lake la mwezi, sawa na wapangaji wenzake, je, anaweza kuutumia umeme apendavyo? Mwenye taa moja na redio hulipa sawasawa na yule anayepika kwa jiko la umeme na kupiga pasi kila asubuhi. Mwenye pasi husema, "Nimelipa." Mwenye taa hana la kujibu, maana ni kweli mwenzake amelipa, lakini moyoni anaona kuwa kuna jambo haliko sawa. Kwetu Tanzania ugomvi wa namna hii umepungua sana tangu tuletewe LUKU, ambayo jina lake lenyewe latuagiza kulipia umeme kadiri tunavyoutumia. Kifaa kile kimewapatanisha wapangaji wengi kuliko mabalozi wa nyumba kumi. Hata hivyo, kuufuta ugomvi kwa kifaa ni jambo moja, na kulijibu swali ni jingine. Swali lenyewe bado liko palepale, na panapokosekana mita ya kila mtu huibuka tena likiwa na nguvu zake zote.

Kwangu limeibuka kutoka mbali. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Marekani na mkewe, na kwa miaka kadhaa sasa nyumba yao ni gari. Wenyeji wa kule wana majina mengi ya vyombo hivyo. Mimi nitasema gari-nyumba. Ni gari kubwa, au tela linalovutwa na gari jingine, lenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji, na kuta zake ni nyembamba kama za kasha. Msomaji asidhani kuwa wote waishio humo ni matajiri walio likizoni. Wapo wastaafu wenye fedha zao ambao hufuata jua. Wapo walioshindwa na kodi za nyumba. Na wapo wanaofuata kazi za msimu, kama mpwa wangu. Katika bonde la Red River, mpakani mwa majimbo ya Minnesota na North Dakota, kila mwezi wa Oktoba huvunwa viazisukari, yaani mizizi ambayo wenzetu huikamulia sukari kama sisi tunavyokamua miwa. Kazi huenda kwa zamu za saa 12, usiku na mchana, kwa sababu kiazi kikivunwa wakati wa joto huoza kwenye lundo, na kikigandishwa na baridi nacho hakihifadhiki. Wafanyakazi wengi huja na nyumba zao za magurudumu. Mpwa wangu alilipiwa na mwajiri mahali pa kuegesha, maji na umeme vikiwa ndani ya malipo hayo.

Usiku wa Oktoba katika bonde lile huteremka chini ya kiwango cha maji kuganda. Ndipo akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nikifunga hita ya umeme, gesi yangu itabaki, na umeme hapa ni wa bei moja, hauna kipimo. Mama watoto anasema ni halali yetu. Mimi roho inanisuta kidogo. Wewe mwalimu unasemaje?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Kabla ya kusema jambo kuwa ni haki au si haki, yafaa mtu alifahamu kwanza jinsi linavyofanya kazi, na mimi nilikuwa silifahamu. Nikamuuliza maswali mengi, mengine ya kitoto, naye akanieleza kwa subira.

Gari-nyumba hutoka kiwandani likiwa na tanuri dogo la gesi. Feni yake huendeshwa na betri, na husukuma hewa ya moto katika mabomba yanayopita sakafuni, nayo moshi wake hutolewa nje. Tanuri la ukubwa wa kawaida likiwaka mfululizo humaliza mtungi wa kilo 9 kwa muda wa saa 14 hivi. Haliwaki mfululizo, bila shaka. Huwaka na kuzima kwa amri ya kifaa cha kupimia joto kilicho ukutani. Hata hivyo katika majira ya baridi mitungi hubadilishwa mara kwa mara, na kila mtungi hutoka mfukoni mwa mwenye gari.

Kuongeza joto la umeme kuna njia kadhaa. Iliyo rahisi ni kununua dukani hita ya kuchomeka, ile ya wati 1500. Nyingine ni kufunga koili ya umeme nyuma ya tanuri lenyewe, ikatumia feni na mabomba yaleyale, lakini ikawa na waya wake na breka yake. Zipo pia pampu za joto zinazokaa juu ya paa pamoja na mashine ya kupoza hewa, ila hizo hupungukiwa na nguvu kadiri baridi inavyokaribia kugandisha, yaani huchoka wakati zinapohitajiwa zaidi. Sina sababu ya kuzizungumzia hizo.

Upande wa afya sikuwa na shaka kuwa umeme una fadhila zake. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika nyanda zetu za juu kusini, ambako Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani hadi jua litoke, nilipiga marufuku majiko ya mkaa mabwenini. Wanachuo walininung'unikia, walisema mkuu ana blanketi mbili na mke, hajui baridi. Lakini mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyeivuta hulala usingizi asioamka. Huko Marekani nako wapo wanaowasha jiko la gesi la kupikia ili wapate joto, na hatari ni ileile. Hita ya umeme haina sumu hiyo. Ina hatari yake nyingine: hita moja huvuta ampea 12.5, na ikivuta hivyo usiku kucha kupitia soketi iliyolegea au waya mwembamba wa kuunganishia, plagi huyeyuka, na gari la plastiki na mbao huwaka kwa dakika chache. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kuwa, kama ni suala la kufunga hita, bora ile koili yenye waya wake. Hilo lilikuwa jibu jepesi. Yeye hakuniuliza hilo.

Aliniuliza kuhusu halali. Nami nilipoanza kulipima swali lake nikaona lina sehemu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni baina yake na mwenye uwanja. Hapa mkewe ana hoja nzito. Mwenye uwanja ndiye aliyepanga bei. Anajua kuwa Oktoba kuna baridi. Ameweka soketi pale kwa hiari yake na hakuandika mahali popote kuwa hita ni marufuku. Mtu anapouza kitu kwa jumla amekubali kuwa mmoja atatumia zaidi na mwingine kidogo, na amejipangia faida yake katikati. Anayetumia zaidi si mwizi. Ukialikwa harusini hakuna anayekuhesabia nyama. Lakini harusini hapohapo mtu akitoa mfuko wa plastiki chini ya meza na kuanza kufunga pilau ya kupeleka nyumbani, wote watamtazama, ingawa chakula anachofunga pengine ni kidogo kuliko alichokula jirani yake mwenye tumbo kubwa. Kwa nini? Kwa sababu ruhusa ya kula ilitolewa kwa ajili ya kula. Vivyo hivyo umeme wa uwanja ulitolewa ili watu waishi. Anayejipasha joto anaishi. Anayekwenda zamu ya saa 12 na kuacha hita mbili zikiwaka katika gari tupu, eti kwa kuwa halipi, huyo amekwisha toa mfuko wake.

Wapo watakaosema kuwa mwenye uwanja ni tajiri, na mwajiri wa mpwa wangu ni tajiri zaidi, hivyo uniti chache hazitawaumiza. Hoja hii nimeisikia tangu ujana wangu. Tulikuwa tukiisikia juu ya mali ya umma: karatasi za ofisi, mafuta ya gari la serikali, sukari ya bwalo la chuo. Kila aliyechukua alimchukulia mtu asiyeonekana. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na nimeyaona mabohari yaliyokwisha hivyo. Siwezi kuikubali hoja hiyo ya utajiri hata inapoelekezwa kwa kampuni ya ng'ambo, maana haimpimi mchukuaji hata kidogo. Humpima mchukuliwaji tu.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonikalia kichwani, na siyo ya mwenye uwanja hata kidogo. Ni ya majirani.

Mpwa wangu alinieleza kuwa magari yote ya safu yake hula kwenye waya mmoja mkuu unaotoka kwenye transfoma iliyo langoni. Kila gari la kawaida lina soketi ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3600 kwa ukomo wake. Hita mbili peke yake huchukua wati 3000. Mtu akiwasha hita mbili kisha akapasha chai katika maikrowevu, breka yake inaruka, na hasara ni yake. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba usiku wa baridi magari arobaini yakiwasha hita kwa pamoja, na waya ule ulivutwa zamani kwa ajili ya watalii wa kiangazi, volti hushuka katika safu nzima. Aliye karibu na transfoma hapungukiwi sana. Aliye mwisho wa safu anaweza kupata volti 108 au chini ya hapo.

Sasa angalia jambo hili, ndugu msomaji, kwa kuwa mimi lilinishangaza ingawa nilifundisha hisabati miaka mingi. Nguvu ya hita haipungui sawa na volti. Hupungua kwa mraba wake. Volti zikishuka kutoka 120 hadi 108, ambayo ni sehemu moja tu ya kumi, hita ya wati 1500 hutoa wati 1215. Karibu sehemu moja ya tano ya joto, nimeona wengine wakisema hivyo ovyo. Hesabu kamili ni asilimia 19. Mwenye gari la mwisho anahisi baridi, hajui sababu, anachomeka hita ya pili. Volti zinashuka tena. Jirani yake anahisi baridi naye, anachomeka ya pili. Kila mmoja amefanya jambo la busara ndani ya gari lake, na volti za safu nzima zimezidi kushuka. Wale wenye vifaa vya kulinda vyombo vyao hukatiwa umeme kabisa volti zikifika 104 au karibu hapo, maana mota za mashine huungua zikilishwa umeme hafifu. Nani amemnyang'anya nani? Wote wamelipa.

Mwaka 1785 Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika kwamba kabla ya kutenda mtu ajiulize kama angeweza kutaka kila mtu atende kwa kanuni hiyohiyo. Wanachuo wangu walipenda kumbishia: "Lakini, Mwalimu, kila mtu hafanyi hivyo. Ni mimi tu." Kwenye safu ile ya magari ubishi huo hauna mahali pa kusimama. Kila mtu anafanya hivyo, usiku uleule, kwa sababu ileile, kwenye waya uleule. Na Mmarekani Garrett Hardin mwaka 1968 aliandika makala mashuhuri juu ya malisho ya pamoja, ambamo kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake mpaka nyasi zinakwisha. Alidhani dawa ni ama malisho yagawanywe yawe ya mtu binafsi, ama yasimamiwe na dola. Kwa lugha yetu ya leo, ama LUKU, ama polisi.

Sikukubaliana naye kabisa nilipomsoma, na baadaye nilifurahi kuona mwanamama Elinor Ostrom, Mmarekani pia, akimjibu kwa kitabu cha mwaka 1990 na kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Alikusanya mifano ya watu walioweza kutunza maji, misitu na malisho yao ya pamoja kwa kanuni walizojitungia wenyewe, wakichungana wenyewe. Sisi hatukuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Wachagga wa Kilimanjaro wamegawana maji ya mifongo kwa vizazi vingi. Mfongo hauna mita. Una zamu, una siku ya kazi ya kuuzibua, na una aibu ya kuonekana umefungulia maji kwenye mgomba wako katika saa ya mwenzako. Aibu hiyo hufanya kazi kwa kuwa watu wanajuana. Hapa ndipo pagumu katika uwanja wa magari: leo jirani yako ametoka Texas, wiki mbili zijazo kila mtu ameng'oa plagi na kwenda zake. Unawezaje kumwonea aibu mtu ambaye hutamwona tena?

Nikampa mpwa wangu jibu langu siku ya tatu. Nilimwambia kuwa mkewe ana haki kuhusu mwenye uwanja, na roho yake inayomsuta ina haki kuhusu majirani, na kwamba wanazungumzia watu wawili tofauti ndiyo maana hawaelewani. Umeme ule ni wake kwa kadiri ambavyo waya unaweza kumpa yeye bila kumnyima wa mwisho wa safu. Kwenye usiku wa kawaida hiyo ni hita nzima na zaidi. Kwenye usiku wa sakitu huenda ikawa nusu hita, na hapo awashe gesi yake, ingawa ni ya fedha.

"Hata kama wengine hawawashi zao, mjomba?"

"Hata hivyo."

Hakupendezwa, nami sikumlaumu. Ni rahisi kusema hayo ukiwa Iringa umekaa juani. Na lipo jambo linaloutia jibu langu doa, nalo ni la wenye shida. Katika safu ile alikuwapo mzee mmoja na mkewe, watu wa umri wangu, ambao tanuri lao la gesi lilikuwa bovu na fedha ya kulitengeneza hawana. Hao hita mbili ndizo moto wao wote. Nikisema kila mtu apunguze, nawaambia hao nao wapunguze? Sioni hivyo. Mwenye njia mbili na mwenye njia moja hawawezi kudaiwa sawa, hata kama soketi zao ni sawa. Lakini nani ajuaye mlango kwa mlango nani ana njia ngapi? Mita haijui hilo, hata LUKU haijui. Anayejua ni jirani aliyegonga na kuuliza hali.

Kugonga kwenyewe kulikuja kwa ajali. Kijana mmoja wa gari la tatu alijisifu kuwa tangu afike hajachoma gesi hata kidogo. Anaota moto wa bure. Usiku mmoja maji yake yaliganda. Sababu ilikuwa hii: mabomba ya hewa ya tanuri hupita karibu na matangi na mipira ya maji iliyo chini ya sakafu, na katika magari mengi joto linalovuja humo ndilo huzuia maji yasigande. Hita yake ya dukani ilipasha chumba vizuri, kipimo cha ukutani kikaridhika, tanuri halikuwaka usiku kucha, na chini ya miguu yake maji yakawa mawe. Alilala kwa joto na kuamka bila maji. Asubuhi akaanza kugonga milango na ndoo mkononi, na watu wakaanza kuzungumza.

Katika mazungumzo hayo mpwa wangu alileta kipimo chake kidogo cha volti, kile cha kuchomeka kwenye soketi, akakizungusha katika magari yote. Langoni kilisoma 118. Kwa wale wazee kilisoma 106. Wengi walikuwa hawajawahi kufikiri kuwa kuna uhusiano. Walikubaliana jambo rahisi: kuanzia saa nne usiku mwenye tanuri zima aache hita moja tu, au azime zote na kuwasha gesi, na wanaokwenda zamu ya usiku wazime za umeme na kuliacha tanuri likiwaka chini kwa ajili ya maji. Hapakuandikwa kitu. Mwenye uwanja hakuambiwa, jambo ambalo mimi nisingelifanya hivyo. Waya mbovu ni wa kwake na alipaswa kuujua.

Mpwa wangu alifunga koili yake mwishoni mwa wiki ya kwanza, yenye hatua mbili, ndogo na kubwa. Mkewe ndiye aliyekuwa akisoma kipimo cha volti kabla ya kulala na kuamua ni hatua gani. Walichoma mitungi mitatu ya gesi kabla viazi havijakwisha, na bwana mmoja wa karibu na lango, mwenye gari jipya na refu kuliko yote, hakuzima chochote mpaka siku ya kuondoka. Alisema kwa upole kuwa yeye amelipiwa kama wengine. Mpwa wangu ananiuliza hadi leo kama ilimpasa kumwambia kuhusu wale wazee, au kama kumwambia kungekuwa kuwatangazia wazee shida yao. Sijamjibu bado.